Chai ya Saa Nne na Maji ya Bamvua

Katoni ni ya maji ya kunywa, na ndani yake mna madaftari tisa. Ndiyo mali niliyotoka nayo ofisini mwaka 2025, Marekani ilipofunga mlango wa USAID, shirika lake la misaada, na mashirika mengi nchini, hata yale yaliyokuwa yakila kwa mkono wa pili kama letu, yakaanza kugawa barua. Kompyuta nilirudisha. Pikipiki nilirudisha pamoja na kofia yake. Kitambulisho nilirudisha. Madaftari hakuna aliyeyauliza, nikayafunga kamba nyuma ya baiskeli nikarudi nayo Ngamiani, Tanga mjini.

Kwenye mkataba niliitwa ofisa uwezeshaji jamii. Kwa lugha ya barazani nilikuwa mkalimani: mgeni anauliza, namgeuzia mzee, mzee anajibu, namrudishia mgeni. Miaka kumi na moja nimeifanya kazi hiyo katika vijiji vya mwambao, kuanzia Moa karibu na mpaka wa Kenya hadi Kipumbwi kule chini ya Pangani. Nilijizoeza jambo moja. Ukurasa wa kushoto naandika maneno kama yalivyotoka mdomoni mwa msemaji. Wa kulia naandika yale niliyoyapeleka kwenye ripoti. Nilikuwa naogopa kusahau tu, basi. Sasa nikiyafungua usiku naona aibu. Kushoto pamejaa, mistari mingine imepanda ukingoni kama siafu. Kulia, mistari mitatu, minne.

Nianze na chai.

Mikutano ya miradi huanza saa nne asubuhi. Gari linatoka mjini saa mbili, barabara ya Pangani enzi hizo ni vumbi na makorongo, mwenyekiti wa kijiji anahitaji muda wa kutuma mtu apite akiwaita watu, halafu kuna kitu kinaitwa chai ya saa nne, ambacho kimo kwenye bajeti na kina risiti yake. Chapati mbili, yai la kuchemsha, soda. Mkutano usio na chai ya saa nne ni taabu kumweleza mhasibu.

Sasa msomaji wa bara anisikilize kidogo. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku inachelewa kama dakika hamsini. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Katikati yake ni maji mafu, bahari inajitikisa tu mahali pake. Na kwenye mwambao huu, siku za bamvua, maji huwa yametoka kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Hapo ndipo mwamba unapokuwa wazi, pweza anachokolewa, kamba za mwani zinafikika kwa miguu. Kwa siku tano au sita kila nusu ya mwezi, mwanamke wa pwani ana ofisi. Inafunguliwa saa tatu, na kwenye saa saba bahari yenyewe inakuja kuifunga.

Katika kijiji kimoja kusini ya Tongoni tuliitisha mkutano wa kilimo cha mwani siku ya pili baada ya mwezi kuandama. Wakaja wanaume kumi na wawili, ambao hata mmoja wao hajawahi kufunga mbegu ya mwani kwenye kamba. Kina mama walikuja watatu: mmoja ana mtoto mchanga, mmoja mguu umevimba, na wa tatu ni Bibi, mwenye shamba lake la mwani, aliyepita kutuambia kwamba hakai.

“Shikamoo, bibi. Karibu chai.”

“Marahaba. Chai na nani? Leo mwezi ngapi?”

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

“Pili,” akanijibu mwenyewe. “Sasa mwezi pili nani akae kitako ale yai? Nyie, mwanangu, mkutano mnautazama kwenye saa ya mkononi. Mngeutazama juu.”

Akajifunga kanga kiunoni, akachukua fungu lake la taitai, zile kamba fupi za kufungia mbegu, akashuka pwani.

Ukurasa wa kulia, siku hiyohiyo, mwandiko wangu: “Mwamko wa wanawake bado ni mdogo. Inapendekezwa uhamasishaji uongezwe.” Na uhamasishaji ukaongezwa kweli, ukatengewa fungu, ukashonewa fulana na kuandikiwa mabango. Nao ukaanza saa nne.

Nilikuja kusema, lakini mwaka wa tatu, nikiwa nimeshajihakikishia mkataba. Mkuu wetu wa mradi, mtu mwema kabisa, alifurahi mno. Akaagiza zoezi la kalenda ya jamii. Tukatandaza karatasi za manila kwenye sakafu ya darasa, kina mama wakachora kwa kalamu za rangi: mwezi mchanga, mwezi mpevu, bamvua, maji mafu, upepo wa kaskazi, upepo wa kusi, lini mwani unakua na lini unaoza. Walichora mchana kutwa na walibishana sana, hasa juu ya mwani kuoza. Manila ikapigwa picha, ikaja kubandikwa ukutani kwetu mjini chini ya kiyoyozi. Ilikaa pale miaka minne. Mikutano ikaendelea kuwa saa nne, maana gari lilikuwa moja na vijiji vitatu. Hapo nilianza kuelewa kwamba kuyakusanya maarifa na kuyafuata ni kazi mbili tofauti, na mfadhili alikuwa amelipia ya kwanza.

Lenyewe hilo neno, “maarifa asilia”, huwa linanikera. Kwenye ripoti lina sura ya kitu kilichofukuliwa ardhini kikiwa safi, hakijaguswa na mgeni. Mzee aliyenifundisha kuhesabu miongo ana ngalawa. Mwaka wake anauhesabu kwa Nairuzi: siku 365, zinakatwa miongo, kila mwongo siku kumi, na kwa miongo hiyo anajua lini kusi litatulia na lini mbegu ziingie shambani. Mwezi peke yake haumtoshi, kwa kuwa mwaka wa mwezi unapungukiwa na siku kama kumi na moja, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote na mvua haiifuati. Sasa tazama. Nairuzi ni neno la Kiajemi. Mirengu ya ngalawa, yale mabawa ya mbao ya ubavuni, asili yake ni ng’ambo ya Bahari ya Hindi, kwa mabaharia wa visiwa vya Indonesia. Muhogo anaofungulia kinywa asubuhi ulitoka Amerika ya Kusini kwa mkono wa Wareno. Mwarobaini wa uani kwake ulitoka Bara Hindi. Mtu wa Tanga ukimwambia utandawazi umeletwa na intaneti atakucheka; babu zake walikuwa wakikaa pwani kungoja kaskazi iwaletee majahazi.

Tofauti ninayoiona mimi ni hii: vile vilivyokuja zamani vilikuwa vya yeyote atakayevitumia. Hakuna aliyemwandikia mwenye ngalawa barua ya kudai mrengu. Vilivyoondoka kwetu baadaye viliondoka na kupata wenyewe. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyetawala upande huu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona kiua cha zambarau kwenye kivuli cha misitu ya Usambara, akakipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akakipa jina la ukoo huo: Saintpaulia. Leo kimekaa madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, kinauzwa kwa rangi na maumbo yasiyohesabika. Watu wa Usambara waliokuwa wakikipita njiani hawakupata hata jina.

Mwaka huohuo wa 1893 kikaja kingine kwa njia ya kurudi. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, na iliyosalia hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yalizaliwa mashamba yaliyomla babu yangu ujana wake, manamba, mwenye namba yake, mpaka kamba za nailoni na plastiki zilipoangusha bei ya mkonge dunia nzima. Hata mwarobaini ulikaribia kupata mwenyewe: mwaka 1994 kampuni ya W. R. Grace na wizara ya kilimo ya Marekani walipewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, huko Ulaya kwa dawa ya kuvu iliyotokana na mafuta yake. Wahindi na wenzao wakapinga kwamba jambo lenyewe si jipya. Hataza ikafutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005.

Nimelikumbuka hilo la hataza kwa sababu ya daftari la nne. Humo kuna mganga mmoja wa upande wa Pangani aliyetutajia miti kumi na saba, jina, sehemu ya kuchuma, saa ya kuchuma, namna ya kuchemsha. Mwishoni aliuliza, “Haya mnayapeleka wapi?” Itifaki ya Nagoya ya 2010 inataka maarifa ya namna hiyo yasichukuliwe bila ridhaa ya wenyewe, na faida wagawiwe. Nasi fomu ya ridhaa tulikuwa nayo. Mganga akaweka dole gumba. Fomu ilikuwa ya Kiingereza.

Lakini nisitupe mawe tu. Hapahapa Tanga, miaka ya tisini, madaktari wa hospitali ya Bombo na waganga wa Pangani walishikana mikono katika kikundi kilichojulikana kwa jina la TAWG, Tanga AIDS Working Group. Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa za matajiri. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kilichokuwepo karibu ni majani na mizizi, kwa fangasi za mdomoni, kwa ngozi, kwa kuharisha, kwa kurudisha hamu ya kula. Daktari alimfuata mganga kwake, akaona wagonjwa wakipata nafuu, akauliza maswali, akarudi. Mganga naye akajua ni lini amwambie mtu, nenda Bombo. Mpaka Benki ya Dunia ikaandika habari zao. Mimi nilichopenda ni kwamba dawa ilipewa kazi inayoiweza. Haikubebeshwa kuua virusi.

Maana upande wa pili tunaukumbuka: mwaka 2011, foleni za magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Babu, mchungaji mstaafu, kwa shilingi 500. Mtaani kwetu waliondoka watu kwa basi la kukodi. Jirani mmoja aliporudi aliacha vidonge vyake, na mwaka uliofuata tukamzika. Kwa hiyo mtu akianza kuniambia wazee wanajua kila kitu, huwa namwomba anipishe. Anayelipua baruti baharini naye ni mwenyeji, na mwamba anaujua kwa jina.

Daftari la sita lina tope. Tope lenyewe, limekauka kwenye jalada. Ni siku ya mikoko.

Tulikuwa na mgeni rasmi, spika mbili, fulana za kijani na kofia. Pwani ya kijiji imekatwa mikoko miaka mingi kwa boriti na kuni za chokaa, imebaki tope wazi mpaka kwenye wimbi. Mradi ulikuwa na lengo la miche, na mche uliochaguliwa ulikuwa mkoko wenyewe, aina moja tu kati ya miti ya mikoko, kwa kuwa mbegu yake ni rahisi: ndefu, ya kijani, kama mshale, unaichomeka tu. Mtoto anaweza. Na kwenye picha inaonekana vizuri, safu kwa safu.

Mzee wa ngalawa akaomba kusema neno kabla hatujaanza. Nanakili kushoto:

“Mwanangu, mwambie mgeni, mbele hapa palikuwa pa mlilana. Mlilana ndio unaotangulia baharini. Nyuma yake mkoko, nyuma yake msinzi na mkandaa, na mchu kule juu kwenye chumvi. Kila mmoja ana safu yake, kama msikitini. Sasa nyie mnamleta wa safu ya pili mnamsimamisha mbele ya imamu. Wimbi litamla. Na huo mlilana hauna haja ya kupandwa. Wale wa nyavu za juya wakiacha kuburuta hapa, na ule mfereji uliozibwa na tuta la barabara ukafunguliwa, utakuja wenyewe, mbegu yake inaelea. Mnatoa hela kumpandia Mungu kitu anachojua kupanda.”

Mgeni rasmi alikuwa anatazama saa. Mpiga picha alikuwa ameshajipanga, jua limesimama vizuri. Nikageuka nikasema, kwa Kiingereza changu kizuri, kwamba mzee anashukuru sana na anasisitiza umuhimu wa kuitunza miche.

Mgeni akatikisa kichwa kwa heshima, akampa mzee mkono. Mzee akaupokea huku ananitazama mimi.

“Maneno yangu,” akasema taratibu, “yalikuwa marefu kuliko hayo.”

Tukachomeka. Na wanakijiji nao si malaika: walijua, lakini kila safu ilikuwa na malipo yake, na siku ile hapakuwa na kibarua kingine. Mzee mwenyewe alichomeka thelathini. Kusi iliyofuata iling’oa zaidi ya nusu. Iliyobaki ikavaliwa na vile vigamba vidogo vyeupe vinavyong’ang’ania mawe na mitumbwi, ikaelemewa, ikalala. Mwaka wa pili palikuwa na vijiti. Kwenye jedwali la ripoti kulikuwa na safu ya “miche iliyopandwa”. Safu ya iliyoishi haikuwepo, na mradi ulikuwa wa miezi kumi na minane.

Wazee wa pale hulinganisha, mimi nikiwasikia, na mpango wa ukanda wa pwani wa Tanga wa enzi zile, uliokuwa chini ya mkoa kwa msaada wa IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, na fedha za Ireland. Ulianza 1994 ukaishia 2007. Nao ulikuwa na semina zake na posho zake, na baruti ilipungua ikarudi. Ila ulikaa. Katika miaka kumi na tatu mtu anapata nafasi ya kukosea na kurudi. Walikaa na wavuvi wakakubaliana mwamba upi ufungwe na upi uachwe, na huwezi kufikia makubaliano kama hayo kwa chai moja.

Mwezi uliopita nilipakia madaftari matatu kwenye baiskeli nikaenda kwa Bibi. Safari hii nilitazama juu kwanza: mwezi tisa, maji mafu. Nilimkuta ukumbini anasuka ukili. Miguu haimpeleki tena pwani kama zamani, shamba analiendesha binti yake. Mwani wa bei nzuri, ule wanaouita kotonii, uliwayeyukia kitambo. Kaskazi ikiiva maji yanakuwa ya moto, unapauka, unakatika. Wamebaki na spinosi, unaovumilia, na ambao mnunuzi anaulipia kidogo. Mbegu zote mbili ni za Ufilipino, zilizoingia Zanzibar kilimo kilipoanza kibiashara mwaka 1989, kisha zikavuka huku.

“Bado hamjaniambia,” akasema, “huko mwani unakokwenda wanautafuna au wanaupaka.”

Nikamweleza kwamba wanautoa ute wa kugandishia aiskrimu na dawa ya meno. Akafikiri kidogo. “Basi vyote viwili.”

Nikamsomea. Alisikiliza mikono haiachi ukili. Nilipofika kwenye ile siku ya yai alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwenye maelezo yake ya kuvuna alinikatisha.

“Hapo umeandika bamvua. Bamvua lipi?”

“Bamvua tu, bibi. Ndivyo ulivyosema.”

“Nilisema nikidhani unajua. Bamvua la katikati ya kusi si sawa na la mwezi wa tatu. La mwezi wa tatu maji yanatoka mpaka mwamba wa nje, unakwenda mahali huendi mwaka mzima. Ukimwambia mtu bamvua tu atafunga kamba zake pabaya.” Akaweka ukili chini. “Haya makaratasi yanabaki au unaondoka nayo?”

Nikasema nitayatoa kopi mjini, kisha nitamrudishia.

“Hivyohivyo mlisema kwa ile manila.”

Nikamwachia mawili. La tatu niliondoka nalo, kwa kuwa nyuma lina hesabu za posho na majina ya waliosaini mara mbili. Akamwita mjukuu wake wa darasa la sita aje na kalamu, akamwonyesha kwa kidole ukurasa niliokuwa nasoma, ingawa herufi za kizungu hazisomi. Mtoto akalikalia daftari kwenye mkeka, akaligeuza huku na huku, akasema hapa pamejaa, ataandika wapi.

“Kwani huo upande wa kulia,” akasema Bibi, “si mweupe?”